Soko liliungua kwenye daftari la binti yangu

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Nina fremu ndogo ya vitenge na madira Mtaa wa Swahili, hapa Kariakoo. Zamani nilikuwa na meza ndani ya soko kubwa, ila mambo ya 2021 unayajua, sitaki kuyarudia.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Ni mpole, hana makundi, hata simu hana. Kila Jumapili huwa natoa magodoro nje kuyaanika. Mwezi uliopita nikakuta chini ya godoro lake kaunta buku mbili zimejaa maandishi. Nikadhani ni mambo ya mvulana. Shangazi, heri yangekuwa ya mvulana.

Ni hadithi. Watoto wanne wanakutana Feri alfajiri, nyuma ya mnada wa samaki. Wote wana shida makwao na kila mmoja ana nguvu ya siri. Yupo muuza mifuko anayesikia watu wanachowaza. Yupo msichana anayepotea asionekane kila mwalimu akianza kusoma majina ya wasiolipa michango. Yupo mwenye ualbino anayeona gizani. Na yupo mmoja anaitwa Zuhura, yeye akikasirika kitu kinawaka. Nimekunakilia kipande:

“Nilipomwambia mama, soko lako na liungue, ulimi wangu ulikuwa wa moto kama nimelamba kaa. Usiku ule nikaona mbingu ya Kariakoo imekuwa nyekundu. Sikulia. Mwenye moto halii, machozi yake hukauka kabla hayajatoka.”

Maneno haya kayatoa wapi? Muhula uliopita shuleni kwao wasichana walikuwa wanaanguka na kupiga kelele, ikasemwa ni mapepo. Wangu hakuanguka. Sasa nawaza, au ndiye aliyekuwa anawaangusha? Dada yangu anasema ni jini, nimpeleke akasomewe na madaftari yachomwe. Jirani yangu wa fremu ya pili anasema ni Frimasoni. Nimeyarudisha palepale, binti hajaniambia kitu, usingizi sipati.

Mama wa Mtaa wa Swahili

* * *



Madaftari yasichomwe. Nimeanza na hilo kwa kuwa sijui gazeti litakufikia saa ngapi, na dada yako naona kiberiti anacho mkononi.

Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Stephen King, alitoa riwaya iitwayo Carrie. Ni habari ya msichana wa shule anayechekwa na wenzake, ana mama mkali wa dini, na akichemka rohoni vitu vinasogea vyenyewe. Kurasa za mwanzo King alizitupa kwenye pipa la takataka, akiona hazifai. Mkewe, Tabitha, akaziokota, akazisoma, akamwambia endelea. Kitabu kile ndicho kilichomtoa kwenye umaskini. Sikuahidi utajiri, mwanangu, nakuonyesha tu kwamba karatasi zilizotupwa na karatasi zilizookotwa ni zilezile, ila mikono ndiyo tofauti.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu. Shaaban Robert, ambaye bila shaka ulimsoma shule, mwaka 1952 alitupa Adili na Nduguze. Mle ndani watu wanageuzwa manyani, wanapigwa kila usiku, na majini yanaingia na kutoka kama wapangaji. Mzee yule alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa heshima zake na dini yake. Sijasikia nduguze wakimkokota kwenda kusomewa. Bibi zetu nao, wakati umeme haujafika kwetu, walitulaza kwa hadithi za zimwi, na asubuhi tulikwenda kisimani kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba bibi alisimulia kwa mdomo na binti yako kashika kalamu. Jini la mdomoni linapita na upepo. La kwenye kaunta buku linatisha kwa sababu unaweza kulirudia kesho ukalikuta limekaa palepale.

Sasa tuje kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu. Mohammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa na mpelelezi wake, Bwana Msa, na katika Mzimu wa Watu wa Kale anakwenda mahali ambapo kila mtu ananong’ona juu ya mzimu, yeye anawaangalia watu. Na mimi nimewaangalia watu. Umesema kila Jumapili unatoa magodoro. Binti yako naye anajua kila Jumapili unatoa magodoro. Mtoto wa miaka 16 aliyeweza kupanga hadithi ya madaftari mawili hawezi kukosa pa kuficha kitu asichotaka kionekane. Kakiweka kwenye njia yako.

Halafu umeandika mstari mmoja ukaukimbia: mambo ya 2021 sitaki kuyarudia. Mimi nitayarudia kidogo, univumilie. Soko liliwaka usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai. Binti yako, kwa hesabu yangu, alikuwa na miaka 12, darasa la sita. Naomba ukae, ukumbuke Jumamosi ile kabla ya usiku. Mligombana? Alitaka kwenda mahali ukamwambia hapana, njoo unisaidie mezani? Alitamka neno? Huenda hukulisikia hata kidogo, ulikuwa unapanga mzigo, mtoto kanuna kaongea chini chini, wewe ukasema nyamaza. Yeye kalisikia. Na saa chache baadaye mbingu ikawa nyekundu.

Watoto huamini hivyo. Baba akiondoka, mtoto hudhani ni kwa sababu alivunja kikombe. Mdogo wake akifa, anakumbuka siku aliyomtakia afe kwa ajili ya mwanasesere. Mtu mzima anajua neno la hasira halina petroli. Mtoto wa miaka 12 hajui, na akiona mama yake amekaa sakafuni usiku kucha bila kusema, na baada ya hapo kila likitajwa soko mama anageuza mazungumzo, anajifunza kwamba jambo hili halizungumziki. Atalibeba peke yake. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliunda tume kuchunguza moto ule. Hukumu ya binti yako, kama kisio langu ni sahihi, ilitoka usiku uleule, na mshtakiwa, shahidi na hakimu walikuwa yeye.

Huenda nimekosea. Huenda hakutamka lolote na hii ni hadithi tu, kwa sababu moto ni kitu kizuri kuandika na Kariakoo iliungua mbele ya macho yake. Waandishi ni wezi, wanaiba hata majonzi ya nyumbani. Lakini kile kipande ulichoninakilia hakina mbwembwe. “Sikulia.” Mtu anayebuni jini la kutisha angeandika zaidi ya hapo.

Kuhusu wale wasichana wanaoanguka: mwaka 1962, Tanganyika haina hata miezi miwili tangu ipate uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka. Wakashindwa kuacha. Walicheka, wakalia, wakahangaika, na ikaenea hadi 95 kati ya wanafunzi 159. Machi shule ikafungwa, mabinti wakarudi makwao nayo ikaingia vijijini. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu na vijidudu, hawakuona kitu. Waliloliona ni kwamba wengi wa waliopatwa walikuwa vijana, na walimu wao hawakupatwa hata mmoja. Mimi hilo la walimu ndilo huwa silisahau. Pale shuleni mzigo ulikuwa wa watoto peke yao, na miili yao ikausema kwa sababu vinywa havikuruhusiwa.

Kwa hiyo unaponiuliza kama wako ndiye aliyewaangusha wenzake, nakujibu hapana. Wenzake walianguka, wako akaandika. Ningekuwa wewe ningeshukuru.

Kusomewa: dua haijamdhuru mtu. Muombee ukiwa kwenye mswala wako, kimya, akiwa amelala. Lakini ukimpeleka kwa mtu, akakalishwa mbele ya watu, jini likaulizwa jina, basi umemthibitishia kwa mikono yako kile anachokiogopa, kwamba ndani yake kuna kitu kinachounguza. Na jina la namna hiyo halifutiki mtaani. Huko Kinshasa wako watoto wanaolala barabarani kwa sababu ndugu zao waliwaita wachawi. Hapa kwetu hatuna haki ya kuwacheka ndugu hao, sisi ambao tumezika watu wenye ualbino waliouawa kwa sababu mtu fulani alisema viungo vyao vina nguvu. Na hapo, mwanangu, nakwambia binti yako ana akili. Yule kijana wake mwenye ualbino kampa nini? Si mfupa wa kuleta mali. Kampa macho. Mtu ambaye jua la Dar linamuumiza macho mchana kutwa, akaona usiku. Nimewasoma wenye majina makubwa ambao hawakufikiria hivyo.

Jirani wa Frimasoni mwuzie kitenge, msizungumze zaidi.

Sasa ufanye nini. Usimwite sebuleni, usimwite mbele ya shangazi zake. Tafuta siku mkafunge fremu pamoja, au mpeleke Feri mkanunue samaki kama mnavyonunua siku zote, mkae mahali mnaangalia pantoni, maana kuna mambo ni rahisi kuyasema watu wakiwa wanatazama kitu kingine. Ungama wewe kwanza. Mwambie nimesoma madaftari yako bila ruhusa, nisamehe. Usiulize “hii maana yake nini”. Muulize habari za Zuhura, kama unavyouliza habari za mtoto wa jirani: anaishi na nani, mama yake anajua? Halafu msimulie wewe usiku wako wa 2021, wote: ulikuwa wapi ulipopata simu, ulikimbia na viatu gani, ulipoteza mzigo wa kiasi gani, na uliogopa nini. Msimulie mpaka mwisho. Akishaona kwamba ule moto ulikuwa na mambo mengi ndani yake na hata moja halikuwa ulimi wake, utakuwa umefanya kazi ambayo hakuna kisomo kingeifanya.

Ukiona anakosa usingizi kila siku, hali chakula, au anazungumzia kujiumiza, hapo usingoje gazeti la wiki ijayo. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haitozwi, na hospitali zipo.

Yule msichana anayepotea majina ya michango yakisomwa sitamgusa sana. Unajua mwenyewe michango imekaaje nyumbani kwako. Lakini nenda kaongee na mwalimu, umuombe asisome majina kwa sauti.

Jumamosi mbili kwa mwezi mwachilie asije dukani, aende Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ni mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Aandike kwenye meza. Iko siku mtasikia habari za Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile ya Taasisi ya Elimu, na dada yako yuleyule wa kiberiti atakuwa wa kwanza kusema mpelekeni. Msikimbilie. Hadithi hii bado ni yake.

Jambo moja naomba umfikishie kutoka kwangu, mwandishi kwa mwandishi. Soko la Kariakoo lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli. Ile miavuli ya zege ya paani hakuiweka kwa urembo tu, ilikusudiwa kukinga mvua na kuteremsha maji chini. Soko zima lilijengwa kama mdomo uliofunguliwa juu kungoja mvua. Sasa katika watoto wake wanne wa Feri nimetafuta, sikuona hata mmoja mwenye nguvu ya maji. Muulize kama wa tano yuko njiani.