Mzee Asikiapo Sauti Asifahamu Neno: Kijitabu cha Watu wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi zenye mzee hazipiti siku nyingi kabla ya kusikika ile lawama ya kwamba mzee husikia apendapo: akiitwa chakula na mjukuu wa kike haitiki, lakini wanaume wawili wakizungumza barazani kwa sauti nzito habari za shamba lake, huinua kichwa akawajibu. Watu wa nyumbani hudhani ni inda, au ni kiburi cha uzee. Walakini sababu yake, aghalabu, imo ndani ya sikio lenyewe, na yeyote afahamuye namna sikio lilivyoumbwa atamwonea haya mzee wake kwa kumdhania vibaya.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huingia katika tundu la sikio, ambalo kwa mtu mzima lina urefu wa kadiri ya sentimita mbili na nusu, ukaipiga ngozi nyembamba iliyowambwa mwisho wa tundu, iitwayo ngoma ya sikio. Ngoma nayo huvitikisa vifupa vitatu vilivyoshikana nyuma yake, yaani nyundo, fuawe na kikuku, na hicho kikuku, chenye urefu wa milimita kama tatu tu, ndicho kifupa kidogo kupita vyote katika mwili wa binadamu. Kikuku husukuma maji yaliyomo katika koklea, ambayo ni mfereji wa mfupa uliojiviringa mara mbili na nusu hivi, na ndani yake zimepangwa maelfu ya chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno. Vinyweleo hivyo vikipindwa na wimbi la maji, chembe huuamsha mshipa wa fahamu, nao ukapeleka habari kwenye ubongo. Georg von Békésy, mtaalamu mzaliwa wa Hungaria aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha ya kuwa wimbi hilo haliinuki sawasawa kila mahali: sauti nyembamba huliinua karibu na mlango wa koklea, na sauti nzito huliinua mbali, huko kileleni.

Basi katika uziwi wa uzee, chembe zile za mlangoni mwa koklea ndizo zinazotangulia kuharibika, na kwa binadamu chembe hizo zikishakufa hazioti tena. Ndiyo maana sauti nzito ya mwanamume humfikia mzee, na sauti nyembamba ya mtoto ikampita. Na hata katika neno moja, irabu zenye nguvu humfikia kamili, ilhali s, sh, f, t na k, ambazo ni dhaifu, humpotea njiani. Lugha yetu imejaa irabu, kwa hiyo mzee huusikia mwendo wote wa maneno akajua fika kwamba amesemeshwa, lakini asiweze kupambanua kama umesema pata, au paka, au papa. Penye redio au kelele za vyombo hali yake huwa mbaya zaidi.

Kumpigia ukelele hakufai kitu, maana ukelele huzidisha irabu ambazo tayari anazisikia. Tena sikio lililopoteza chembe zake huumizwa upesi na sauti kubwa, hata mzee yule yule aliyesema "sikusikii" akarudi kusema "usinipigie kelele," na katika kauli zote mbili akawa mkweli. Mkaribie, mwite kwanza kwa jina lake au kwa cheo chake cha ukoo, simama penye mwanga ili auone mdomo wako, zima redio, useme polepole. Na asipofahamu, badili maneno badala ya kuyakariri yale yale.

Hata hivyo si kila uziwi wa mzee ni uzee, wala kijana hakusalimika. Nta ikijaa huziba tundu, na tabibu huitoa kwa muda mfupi. Lakini kijiti cha kiberiti, pini na unyoya wa kuku, vipendwavyo mno majumbani, huisukuma ndani zaidi na huweza kutoboa ngoma. Sikio la mtoto litokalo usaha ni maradhi, si jambo la kungojea akue. Lisitiwe mafuta wala dawa ya kienyeji, lifutwe likae kavu, mtoto apelekwe zahanati. Surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo huua kusikia kwa watoto, na kwa maradhi haya chanjo zipo. Dawa nazo zina madhara yake: mlio masikioni unaoletwa na kwinini kwa kawaida huondoka, bali streptomaisini na jentamaisini huweza kuziua chembe moja kwa moja, kwa hiyo mgonjwa aanzaye kusikia mlio amwarifu tabibu siku ile ile. Kelele nazo zina kipimo chake: desibeli 85 kwa saa nane ndiyo kadiri ya mwisho ya kazini, na kila zikiongezeka 3, muda wa salama hupungua nusu, kwa hiyo wasaga nafaka na mafundi wa vyuma wazibe masikio. Na mtu akiamka sikio moja limekufa ghafula, asitie mafuta akangoja, kwa kuwa dawa yake, ikiwa itafaa, hufaa siku za mwanzo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika watu waliopita miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu wa kusikia unaowazuia mambo yao, na wengi wao wangefaidika na mashine ya sikio. Mashine hiyo haifufui chembe zilizokufa, na ubongo uliozoea ukimya huchukua wiki kadhaa kuizoea; siku za kwanza mlio wa sahani na kandambili humkera mvaaji, na hapo ndipo wengi huitupa kabatini. Aanze kuivaa saa chache kwa siku, chumbani palipotulia, akizungumza na mtu mmoja. Kwetu pwani, penye unyevu na jasho, ifutwe kila usiku kwa kitambaa kikavu, kifuniko cha betri kiachwe wazi, wala isiwekwe bafuni.