Saundibaa kwa Bajeti Ndogo: Chungulia Nyuma ya TV Kabla ya Kutoa Pesa

Ni saa moja jioni, taarifa ya habari imeanza. Ripota amesimama kando ya barabara, malori yanapita, na unalazimika kupandisha sauti hadi 45 ndiyo umsikie. Mara tangazo la sabuni linaingia na nyumba nzima inaruka. Unashusha hadi 20. Habari inarudi, unapandisha tena. Kama hivi ndivyo jioni zako zilivyo, usianze kulaumu masikio yako. Mara nyingi shida ni spika za TV.

TV za zamani, zile zenye mgongo, zilikuwa na nafasi ya kutosha ndani, na nyingi zilikuwa na spika zinazotazama mbele. Za siku hizi ni nyembamba. Spika zake ni ndogo, zimefichwa chini au nyuma, kwa hivyo sauti inagonga meza au ukuta kwanza kabla ya kukufikia. Unapata picha safi ya inchi 43 na sauti ya redio ndogo ya mfukoni. Hapo ndipo saundibaa inapoingia: spika ndefu, nyembamba, inayokaa mbele ya TV na kuelekeza sauti kwako.

Kazi yetu sisi ni malipo, hatuuzi spika. Kwa hivyo tunaweza kukwambia bila wasiwasi: jaribu vitu vya bure kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya TV, sehemu ya sauti. TV nyingi zina chaguo la habari au maongezi, ambalo linainua sauti za watu na kupunguza mdundo. Kama umeongeza besi, irudishe chini. Kama TV iko ndani ya kabati, itoe mbele kidogo hadi ukingoni. Kuna nyumba ambazo hii peke yake inatosha, na pesa yako inabaki kwa simu. Kaa nayo wiki moja. Bado humsikii ripota? Sawa, sasa tuongee kuhusu kununua.

Tundu lililo nyuma ya TV ndilo linaloamua

Watu wengi huanza dukani. Sisi tunasema anza nyumbani, na tochi ya simu mkononi. Geuza TV, angalia matundu yake, piga picha. Hiyo picha ndiyo utakayomwonyesha muuzaji, na ndiyo itakayokuokoa usinunue kitu ambacho hakiongei na TV yako.

Tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC kando yake. Si kila tundu la HDMI lina herufi hizo. Kwa kawaida ni moja tu kati ya mawili au matatu. Kama unalo, una bahati. Waya mmoja unabeba sauti kutoka TV hadi saundibaa, na mara nyingi utatumia rimoti ile ile ya TV kupandisha na kushusha. Kama kuna mzee nyumbani ambaye hataki mambo ya rimoti tatu, hili peke yake ni sababu ya kuongeza pesa kidogo upate saundibaa yenye HDMI ARC. ARC ilianza na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hivyo hata TV ambayo si mpya sana inaweza kuwa nayo.

Huna ARC? Tafuta tundu dogo la mraba lenye kifuniko, ambalo mara nyingi hutoa mwanga mwekundu TV ikiwa imewaka. Hilo hupitisha sauti kwa mwanga, kupitia waya wake maalum. Sauti yake ni safi kabisa kwa matumizi ya nyumbani. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi utahitaji rimoti ya saundibaa kubadilisha sauti.

Kisha kuna matundu mekundu na meupe. Hapa ndipo watu wengi hukwama, hebu tukae kidogo. Tundu jekundu na jeupe nyuma ya TV mara nyingi ni la kuingiza sauti, si la kuitoa. Soma maandishi: kama imeandikwa AV IN, hapo ni mahali pa kuchomeka dikoda au DVD, na saundibaa ukiichomeka hapo itanyamaza kimya. Unatafuta neno OUT. Kama TV haina, angalia dikoda yako. Nyingi tulizonunua wakati wa kuhamia dijitali, karibu na 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa, zina matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti. Unaweza kuchukua sauti moja kwa moja kutoka hapo. Kumbuka tu kwamba utapata sauti ya vituo vya dikoda pekee. Filamu ya flashi iliyochomekwa kwenye TV itabaki na spika za TV. Tundu la hedifoni la TV, kama lipo, linaweza kusaidia hapo.

Na Bluetooth? Muuzaji atakwambia "hii ni ya Bluetooth, boss, haina mambo mengi." Ni kweli saundibaa ina Bluetooth. Swali ni kama TV yako inayo, na TV nyingi za bei nafuu hazina. Hata ikiwa nayo, sauti inaweza kuchelewa kidogo nyuma ya picha, midomo inafunga halafu neno linafika. Bluetooth ni nzuri kwa muziki kutoka kwa simu. Kwa TV, tumia waya kama unaweza.

Wati za kwenye boksi

Tembea Luthuli Avenue jijini Nairobi, au mtaa wowote wa vifaa vya umeme mjini kwenu, utaona boksi zimeandikwa wati 3,000, wati 5,000, nyingine hata zaidi. Usiruhusu nambari hizo zikufungue pochi. Mara nyingi kando yake pameandikwa PMPO, ambayo ni nambari ya kilele cha kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji huihesabu anavyotaka. Nambari inayokufaa ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kutoa mfululizo bila kuchoka.

Kama RMS haijaandikwa, kuna njia rahisi ya kumbana muuzaji. Omba kuona adapta ya umeme ya hiyo saundibaa, au lebo iliyo nyuma yake. Kwenye adapta kuna volti na ampea za kutoa. Zidisha. Adapta ya volti 18 na ampea 2 inatoa wati 36. Basi. Spika haiwezi kuendelea kutoa nguvu kuliko ile inayoingia, hata boksi liwe limeandikwa nini. Ukiona wati 36 kwenye adapta na wati 1,000 kwenye boksi, umeshajua unaongea na boksi la aina gani.

Habari njema ni kwamba wati 30 au 40 za kweli zinatosha sana kwa sebule ya kawaida. Kwa bedsita zinatosha na kubaki.

Nambari nyingine utakayoona ni 2.0, 2.1, 3.1 na kuendelea. Ya kwanza ni idadi ya njia za sauti, ya pili ni wufa. Hapa kwetu 2.1 ndiyo inayouzwa sana kwa sababu tunapenda mdundo, na hatukatai, mechi na muziki zinanoga. Lakini rudi kwa shida yako ya kwanza: ulikuwa humsikii mtu akiongea. Wufa haisaidii hapo. Inaweza hata kuzidisha shida kama imepandishwa sana. Kinachosaidia ni spika ya katikati, ile inayobeba maongezi, ambayo utaipata kuanzia 3.1, na hizo bei yake huwa juu. Kama bajeti haifiki huko, maoni yetu ni kwamba 2.0 safi inashinda 2.1 yenye wufa ya kelele, hasa kama unaishi kwenye ploti ambapo ukuta wako ni ukuta wa jirani. Besi inapita kwenye ukuta vizuri kuliko sauti nyingine yoyote. Keteka atakuja kubisha.

Ukifika dukani, usikubali kuonyeshwa kwa wimbo walioweka wao. Wimbo huo umechaguliwa kwa sababu unapiga vizuri kwenye kila kitu. Toa simu yako, unganisha kwa Bluetooth, cheza kipande cha taarifa ya habari au cha mtangazaji wa mpira akiongea haraka huku mashabiki wakipiga kelele. Sikiliza kwa sauti ya chini. Kama unashika maneno yote hapo chini, hiyo ni spika. Pima pia urefu wake: ikizidi upana wa meza itakusumbua, na ikiwa ndefu kwenda juu itaziba ile sehemu ya TV inayopokea rimoti.

Hesabu ya bei kamili

Tuseme umepata moja ya 12,000. Hiyo bado si bei. Uliza kama waya wa HDMI umo ndani ya boksi. Uliza usafiri. Ongeza kifaa cha kukinga umeme kama huna, kwa sababu stima ikirudi kwa nguvu haichagui kati ya TV na saundibaa. Unaweza kujikuta 13,500 kabla hujawasha.

Sasa tuje kwa lipa mdogo mdogo, kwa sababu ofa hizi ziko kila mahali. Mfano wetu: saundibaa ya 12,000 taslimu, unaambiwa utoe 2,500 leo na 75 kila siku kwa siku 180. Sabini na tano inasikika kama chai na mandazi. Lakini 75 mara 180 ni 13,500, ongeza 2,500, jumla ni 16,000. Umelipa 4,000 zaidi.

Fanya sasa hesabu nyingine. Hiyo 2,500 unayo tayari. Imebaki 9,500. Ukijiwekea 75 ile ile kila siku kwenye akiba ya simu, baada ya siku 127 umefikisha 12,000. Ni miezi minne na siku chache, badala ya kulipa kwa miezi sita. Tofauti ni kwamba kwa miezi hiyo minne utaendelea kupambana na rimoti. Je, 4,000 ni bei ya haki ya kutosubiri? Kwa mtu anayefungua kibanda cha kuonyesha mechi, pengine ndiyo, spika itajilipa. Kwa sebule ya nyumbani, sisi tungesubiri. Na ukiamua kuchukua kwa mdogo mdogo, uliza kabla ya kutoa hata shilingi: nikikosa siku tatu kunaendaje? Nikimaliza mapema, ninapunguziwa? Jibu liwe kwa maandishi, hata kama ni kwa meseji.

Wakati wa kulipa

Lipa kwa nambari ya tili ya duka, si kwa simu ya mtu. Ukitoa pesa kwa wakala ili uende kulipa taslimu, unalipia ada ya kutoa na unabeba pesa mjini bure. Kwa tili, jina la biashara linaonekana unapolipa. Lisome. Kama duka lina jina moja na tili ina jina la mtu ambaye hakuna anayeweza kueleza ni nani, simama hapo hapo, uliza. Ni haki yako na hakuna aibu.

Ununuzi wa mitandaoni una hatari yake. Picha nzuri, bei nusu, na ujumbe "tuma 1,000 ya kushikilia, zimebaki mbili." Mtego huu ni wa kawaida mno. Saundibaa haiwezi kuisha nchini Kenya. Chagua muuzaji anayekubali ulipe mzigo ukifika, na mjumbe wa bodaboda akifika, fungua boksi, chomeka, usikie sauti, ndipo ulipe. Akisema ana haraka, mwambie utamlipia dakika zake kumi. Usilipe kwa namba mpya ambayo mjumbe amekupatia mlangoni kwa sababu "ile ya duka ina shida leo". Mpigie muuzaji kwanza.

Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja kupitia nambari rasmi, ukiwa na meseji ya muamala. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN ili "kurudisha" pesa zako.

Meseji ya malipo inathibitisha kwamba ulilipa, kiasi gani, kwa nani na lini. Haisemi ulinunua nini. Kwa hivyo bado unahitaji risiti, na risiti iandikwe modeli na nambari ya siri iliyo nyuma ya kifaa, pamoja na muda wa waranti. Piga picha risiti siku hiyo hiyo, maana karatasi ya aina ile hufifia na kubaki nyeupe. Weka boksi kwa angalau muda ambao duka limekubali kubadilisha.

Umefika nyumbani, umechomeka kila kitu, na saundibaa imenyamaza? Usikimbilie kumpigia muuzaji kelele bado. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, ubadilishe mahali sauti inapotokea kutoka spika za TV hadi HDMI ARC au ile njia uliyotumia. Kama bado kimya, tafuta mpangilio wa sauti ya dijitali, uweke PCM. Hakikisha pia saundibaa yenyewe imewekwa kwenye njia ile ile uliyochomeka waya, kwa sababu nyingi huwaka zikiwa kwenye Bluetooth.