Sosholojia bila msingi wa GCSE

Swali: Binti yangu anaanza A-level hapa London na ameng'ang'ania sosholojia, somo ambalo hakulisoma GCSE. Atalimudu?

Jibu: Ndiyo, mama. Kwa kawaida somo huanzia mwanzo kabisa. Kwenye bodi ya AQA kuna karatasi tatu, kila moja saa 2 na alama 80. Ya kwanza ni elimu, ya pili mada teule kama familia, ya tatu uhalifu. Kazi iko kwenye insha ya alama 30: kukariri Marx na Durkheim hakutoshi, sharti aonyeshe hoja zao zinapopwaya. Basi aandike insha mara kwa mara na ampe mwalimu asahihishe. Ila kama anautaka udaktari wa tiba, kemia itangulie.