Vidokezo 7 vya Kuandika Hadithi ya Kigothi Inayotisha Kweli

Popo, jeneza, radi, msichana mwenye wanja mzito: vitu hivi kila mtu anavyo, ndiyo maana hadithi nyingi za Kigothi huishia kuchekesha badala ya kutisha. Kabla hujamtuma mhusika wako makaburini usiku wa manane, pitia vidokezo hivi.

1. Anza na muziki, mavazi baadaye
Ugothi wa vijana ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, muziki wa punki ulipokuwa ukipoa. Mwaka 1979 bendi ya Bauhaus ilitoa "Bela Lugosi's Dead", wimbo wa zaidi ya dakika 9. Usikilize ukiwa na kalamu mkononi. Besi inashuka, inarudi, inashuka tena, nawe unabaki roho juu kwa sababu mwimbaji bado hajafungua kinywa. Akija kuimba, umeshatekwa. Ucheleweshe nawe mzimu wako vivyo hivyo.

2. Taja mahali, tena papandwe kwa miguu
"Mji wa kale wenye ukungu" hautishi mtu. Whitby unatisha. Ni mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ambako Bram Stoker alimshusha Dracula pwani katika riwaya yake ya 1897, na Wagothi wamekuwa wakikusanyika huko kwa tamasha lao tangu 1994. Kuna ngazi 199 za kupanda hadi kanisani, kwenye makaburi yanayotazama bahari, na nyuma yake magofu ya abasia. Mpandishe mhusika wako akiwa na gauni refu na viatu vya visigino, upepo ukimvuta nyuma. Akifika ngazi ya mia, msomaji naye awe anahema.

3. Kitu kimoja kidogo kinatosha
Huko Whitby huchongwa vito vyeusi kutokana na mti wa kale uliogeuka jiwe. Malkia Victoria alivivaa kwa maombolezo baada ya mumewe, Albert, kufariki mwaka 1861, na wengi wakaiga. Jiwe hilo ni jepesi, na ukilishika halina ubaridi. Kioo cheusi, ambacho hutumika kuliigiza, ni kizito na cha baridi. Sasa hebu fikiria: binti anavaa mkufu wa marehemu bibi yake, ule aliozoea kuuchezea tangu utotoni, na leo unamgusa shingoni ukiwa baridi. Nani ameubadilisha, na lini? Hadithi imeanza, na damu haijamwagika hata tone.

4. Mgothi asiwe muuaji
Kumpa mvaa nyeusi kisu ni uvivu. Mwaka 2007, Sophie Lancaster, binti wa miaka 20, alishambuliwa pamoja na mpenzi wake na kundi la vijana katika bustani huko Bacup, Uingereza, kwa sababu tu ya mwonekano wao wa Kigothi. Akafariki. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuyaandikisha mashambulizi ya aina hiyo kama uhalifu wa chuki. Ukitafuta uovu wa kuandika, mara nyingi umejificha kwa yule anayejiita mtu wa kawaida.

5. Mpe mhusika mchana wake
Atatoka klabu alfajiri, lakini kodi ya nyumba inamsubiri na kazini atafika saa mbili. Nywele zilizosimamishwa kwa dawa zinamwagikia usoni, wanja umechuruzika hadi shavuni, na kwenye basi mama mmoja anamhamishia mwanawe upande wa pili. Mwache pia acheke. Wagothi wana utani mwingi: bendi ya The Sisters of Mercy iliipa mashine yake ya kupigia ngoma jina la Doktor Avalanche, kana kwamba ni mwanabendi mwenzao.

6. Tafuta msiba ulio chini ya hofu
Mary Shelley alimzika mtoto mchanga mwaka 1815; mwaka 1818 kikatoka kitabu chake Frankenstein, chenye kiumbe aliyetupwa na aliyemuumba. Hatumkumbuki kiumbe yule kwa ubaya wa sura peke yake, bali kwa kukosa wa kumpenda. Kabla ya kuandika jini lako, jiulize limefiwa na nani. Kama huna jibu, hilo ni kinyago tu.

7. Ukilileta giza nyumbani, usibebe na ukungu wa London
Muhammed Said Abdulla hakuhitaji ngome ya Ulaya alipoandika kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960. Sisi tuna magofu ya Gedi katikati ya msitu, tuna misikiti iliyohamwa na nyumba ambazo watu hupita mbio baada ya magharibi. Mgothi wa Mombasa atatoka jasho ndani ya koti lake la ngozi. Liandike hilo jasho.

Haya, kazi kwako. Wiki hii andika kurasa 2 zisizo na damu, radi wala popo, kisha umsomee rafiki yako usiku. Akikuomba umsindikize hadi kwake, endelea na ukurasa wa tatu. Akicheka, rudi kidokezo cha kwanza.