Grupu la WhatsApp la Wakulima: Likue, Lakini Lisipoteze Ubora

Somo la leo si la mbolea wala dawa, ila ni la pale mnapoulizia mbolea na dawa: magrupu ya WhatsApp.

Hapa Kigamboni, kuanzia Kibada hadi Kimbiji, afisa ugani hawezi kufika kila shamba kila siku. Kanitangaze akiingia kwenye nyanya asubuhi, picha inatumwa kwenye grupu. Jibu likiwa sahihi, umeokoa msimu. Likiwa la kubahatisha, umenunua dawa isiyofaa na mdudu anaendelea kutoboa.

Mkiwa 40 mnafahamiana, na anayeshauri anajua ataulizwa. Mkifika 400, swali linazikwa na matangazo ya vifaranga na picha za "asubuhi njema". Wazoefu wananyamaza, kisha wanatoka kimya kimya. Mwaka 2016 grupu moja lilibeba watu 256; tangu 2022 linabeba 1,024. Nafasi kuwepo si lazima ijazwe. Mchicha ukisongamana kwenye tuta unaota wote, ila unakuwa mwembamba na haupati bei.

Lakini msifunge mlango kabisa. Wageni ndio huleta soko jipya na mbinu mpya. Fanyeni hivi:

1. Ingizeni wachache wachache. Kila mgeni adhaminiwe na mwanachama, kisha ajitambulishe: analima nini na wapi.

2. Swali lije na maelezo: zao, umri wake, picha ya jani juu na chini, dawa iliyopigwa na lini.

3. Anayeshauri dawa ataje jina, kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa iwe imesajiliwa na TPHPA.

4. Matangazo ya biashara yawe na siku yake moja kwa wiki.

5. Mkizidi, gawaneni kwa zao: mboga, tikiti, kuku. VICOBA wanafanya hivyo. Kikundi kikijaa, kinaanzishwa kingine. Viongozi wabaki na grupu lao dogo la kupashana habari.

Kazi ya wiki hii: chukua maswali kumi ya mwisho kwenye grupu lenu. Mangapi yalijibiwa na mtu aliyewahi kulima zao hilo? Kama hayafiki matano, msiongeze watu kwanza. Rekebisheni grupu, ndipo mfungue mlango.

Kilimo chema!