Kulijenga Upya Jina Lenu Mbele ya Benki

Huenda jambo hili limewahi kuwapata, au limempata jirani yenu. Mume na mke wamekubaliana kukopa ili wamalizie nyumba. Wamejaza fomu, wamepeleka hati za mshahara, wakarudi nyumbani wakihesabu mabati. Baada ya siku chache wanaarifiwa kwamba ombi limekataliwa. Mmoja wao alikopa kwa simu miaka mitatu iliyopita na hakulipa. Shilingi elfu nne. Mwenzake hakujua lolote.

Usiku huo zile elfu nne hazitajwi sana. Kinachotajwa ni miaka mitatu ya kunyamaza.

Tuanze na mambo ya benki, kwani ndiyo mepesi. Kwa kanuni zilizotungwa mwaka 2008, benki za Kenya hupeleka taarifa za wasiolipa kwa mashirika ya kuweka kumbukumbu za mikopo, ambayo wengi wetu huyaita CRB. Kanuni za 2013 ziliongeza taarifa njema: hata anayelipa vizuri huandikwa. Watu wengi hawaijui sehemu hii ya pili, ndiyo maana wanaiogopa CRB kama gereza. Mashirika yenyewe ni matatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, nayo yana leseni ya Benki Kuu. Kila mtu ana haki ya kupata taarifa yake bila malipo mara moja kwa mwaka.

Basi kila mmoja wenu aitafute yake mwenyewe, kisha mketi mzisome pamoja. Usimchunguze mwenzio kwa siri. Hilo nalo litakuwa deni jingine. Mnaweza kukuta mkopo uliosahauliwa, au mkopo uliochukuliwa na mmoja kwa laini ya mwingine. Mkikuta kosa, kwa mfano deni lililokwisha kulipwa bado linaonekana, pelekeni malalamiko kwa shirika husika, kwani ni wajibu wake kuyachunguza. Deni likiwa la kweli, zungumzeni na aliyewakopesha, mwombe kulilipa kidogo kidogo ikiwa hamwezi mara moja, na mkimaliza mdai barua ya kuthibitisha.

Lakini msitarajie ukurasa mweupe siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya deni lililochelewa hubaki kwa miaka mitano tangu siku ya kulimaliza, ila sasa itaonyesha kwamba limelipwa. Yeyote anayewaambia atawafutia jina kwa ada kidogo, mwacheni aende zake.

Jina jipya huanza kwa mikopo midogo inayolipwa kwa siku yake. Njia mojawapo ni kadi ya mkopo yenye dhamana. Mnaweka benki fedha zenu, tuseme shilingi 50,000, na fedha hizo zinafungwa. Benki inawapa kadi ya kutumia hadi kiasi inachokubali juu ya amana hiyo. Msipolipa, benki inajilipa kutoka humo. Kwa hiyo ni kama kujikopesha mwenyewe, na wengine huicheka. Hata hivyo, kila mwezi mnaolipa kwa wakati huandikwa.

Siri ya kadi ni kulipa deni lote la mwezi. Benki itaonyesha kiasi cha chini kabisa cha kulipa, nacho kinavutia. Chukua deni la 20,000 linalotozwa asilimia 3 kwa mwezi. Riba ni 600. Ukilipa 1,000, ni 400 tu zilizopunguza deni lenyewe. Afadhali kadi inunue kitu kimoja ambacho mngekinunua vyovyote vile, kama unga na mafuta ya mwezi, basi.

Kumbukeni pia kwamba taarifa ni za mtu binafsi. Ndoa haiziunganishi. Jina zuri la mume halimfuniki mke, wala la mke halimfuniki mume. Aliyeharibikiwa ndiye wa kuchukua kadi kwa jina lake.

Hapo ndipo kazi ngumu ya nyumbani inapoanza. Yule mwingine hutamani kuishika kadi yeye na kumpa mwenzake ruhusa kama mtoto wa shule. Sishauri hivyo. Teueni siku moja, mshahara ukishaingia, mtazame taarifa ya kadi pamoja. Kubalianeni kiasi ambacho hakuna atakayekopa zaidi yake bila kumwambia mwenzake. Tena ulizeni kwa upole deni lile lilifichwa kwa nini. Mara nyingine lilikuwa karo, au dawa ya mama mzazi, na aliyekopa aliogopa kusemwa. Anayesema kwa ukali huchangia siri. Ila kama fedha zilikwenda kwenye kamari, msichukue kadi yoyote kwanza. Tafuteni msaada wa kuiacha.

Kadi ya dhamana ni kama fimbo ya aliyevunjika mguu. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kulipa bila kukosa, nendeni benki mkaombe amana ifunguliwe na kadi ibaki kwa nguvu ya mshahara na rekodi yenu. Wakikataa, waulizeni kinachokosekana na mrudi baada ya miezi sita. Wakati huo huo mnaweza kuchukua mkopo mdogo wa Sacco, lakini pimeni vizuri: wadhamini wenu ni rafiki zenu, na mkishindwa wao ndio watakaokatwa.

Amana itakaporudi mkononi, 50,000 huonekana kama zawadi. Si zawadi, ni zenu tangu mwanzo. Amueni leo, kabla hamjaiweka, itakwenda wapi ikirudi, na mwiandike mahali mtakapoona wote wawili. Wale wa mabati wanajua yao itakwenda wapi.