Mdogo wangu, mkague samaki kabla hujampenda

Najua lilivyokupata, mwaya. Umeona kwenye simu bamba la jiwe, katikati samaki mzima na miba yake yote inahesabika. Umeambiwa ana miaka kama milioni 50, na moyo ukaitangulia akili. Sikulaumu, si wewe wa kwanza. Ila kabla hujatuma hela, keti hapa tuzungumze.

Visukuku vingi vya samaki vinavyouzwa hutoka Wyoming, Marekani, karibu na mji wa Kemmerer, kwenye miamba ya Green River ambayo zamani ilikuwa tope la chini ya ziwa. Huko yako machimbo halali, na samaki ni wengi kwelikweli. Kwa hiyo anayekuapia kwamba yule samaki mdogo aitwaye Knightia ni adimu anakuchezea. Huyo ndiye wa kawaida, wa ukoo mmoja na dagaa wa baharini, na jimbo limemfanya kisukuku chake rasmi.

Mnapochanganya wengi wenu ni kati ya Knightia na samaki mwingine wa huko, Diplomystus. Msione haya, wanafanana. Usipime urefu, maana mtoto wa Diplomystus hulingana na Knightia mtu mzima. Tazama mdomo: wa Diplomystus umeelekea juu. Kisha tazama pezi la chini, lile la kati ya tumbo na mkia. La Diplomystus ni refu, linakaribia kufika mkiani. La Knightia ni fupi.

Haya, tuje kwenye rangi na gundi, ndiko mnakolizwa. Jiwe likipasuliwa machimboni huvunjika, na kuunganisha vipande si kosa. Kosa ni kuficha. Mapezi na ncha za mkia hupotea upesi, na hapo ndipo brashi hupita. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, mulika taa kutoka ubavuni, usimulike kutoka juu. Mfupa una mwinuko na vijiufa, na rangi yake haifanani kila mahali. Rangi ya brashi ni sare, hujaza vijishimo vya jiwe na kuvuka mpaka wa mfupa, kama wanja uliopakwa gizani. Ukiona ufa umekuja kwenye jiwe, ukafika kwa samaki ukapotea, kisha ukatokea upande wa pili, jua hapo katikati pamejazwa. Zifuate na pingili za uti wa mgongo moja moja toka kichwani. Zikiruka ghafla au zikibadilika unene, huenda kichwa ni cha huyu na mkia ni wa mwingine.

Taa ya urujuanimno nayo husaidia chumbani penye giza, kwa kuwa gundi na rangi mara nyingi hung'aa tofauti na mfupa. Mara nyingi, nimesema, si kila mara. Na ile asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, tafadhali, iache kabatini. Hula hata gundi halali inayoshikilia mifupa, utabaki na unga na majuto.

Ukimwona wako ana kiraka, usilie wala usimtukane muuzaji. Naye huenda aliuziwa hivyohivyo. Muulize tu: pamepakwa wapi, pamejazwa wapi, pameunganishwa wapi? Aandike kwenye risiti. Akisitasita kuandika, amekwisha kukujibu. Akikiri kiraka, mnunue samaki kwa bei ya kiraka, na umpende hivyo hivyo alivyo.

Najua pia wengine mmeshaanza kuniuliza kuhusu Mahenge, kule Singida, walikotoka samaki wa takriban miaka milioni 46, ndugu wa kale wa sato na perege. Hapo nakukemea kabisa: weka sururu chini. Visukuku vya Tanzania vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimba kunataka kibali. Ukikutana navyo njiani piga picha, viache vilipo, kisha uwapigie simu watu wa Mambo ya Kale.